Chujio la Jirani

Watu wa utafiti walipofika Kitangari nilikuwa na watoto wanne, lakini kichwani nilikuwa na mmoja tu. Kitindamimba wangu, msichana, alikuwa anaelekea miaka mitatu na tumbo lake lilikuwa halijui amani. Kila mara kisima chetu kilipokaribia kukauka, yeye aliharisha. Mwaka uliotangulia nilimpakata kwenye bodaboda mpaka hospitali ya Newala, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Wakamchoma dripu kichwani kwa sababu mishipa ya mkono haikuonekana. Tangu hapo nikawa namkagua kila asubuhi kabla hata sijaitikia salamu ya baba yake.

Mimi ni mzaliwa wa Masasi mjini, chini ya ile milima ya mawe, Myao kwa baba na kwa mama. Nyumbani kwetu kulikuwa na bomba. Sisemi lilitoa maji kila siku; nasema lilikuwepo, na ukitaka kulitukana ulijua pa kusimama. Nilipoolewa nikahamia kufundisha shule ya huku juu mlimani, ndipo nikajua kwamba maji nayo yana msimu kama maembe. Mvua inapiga bati, inafuata mfereji, inaingia kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa ubavuni mwa nyumba. Unafunika, unakunywa hicho mpaka mvua nyingine. Mwezi wa sita na wa saba watu wakipulizia mikorosho dawa, vumbi la salfa linalala juu ya mabati. Mwenye akiba huiacha mvua ya kwanza ioshe bati kwanza. Mwenye kisima kikavu hana subira hiyo, anakinga hiyo hiyo.

Jirani yetu alikuwa mama mtu mzima, Mmakonde wa hapo hapo, niliyemwita Bibi kwa sababu alikuwa akilea mjukuu, mvulana wa umri mmoja na binti yangu. Mama wa mtoto alikuwa Mtwara akitafuta maisha. Bibi aliniita Mwalimu wa Bomba. Kila nilipolalamikia maji, alinijibu kutoka upande wa pili wa ua, "Si ungekuja nalo hilo bomba lako, Mwalimu? Mlishindwa kulikunja?" Nami nikamwambia watu wa kwao walipanda mlimani kukimbia vita wakasahau kwamba mtu anakunywa. Tulikaa hivyo miaka, tukitaniana. Watoto wetu wawili walikula na kulala popote palipowakuta, kwangu au kwake.

Mkutano wa utafiti ulifanyika kwenye darasa langu mwenyewe. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yamewafika kidevuni. Mkuu wa utafiti alikuwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam, mtu mpole, sauti yake laini, viatu vyake vimeshika udongo mwekundu na hakuonekana kujali. Alikuwa na binti msaidizi ambaye angekuwa anapita nyumba kwa nyumba, na huyo alikuwa mtoto wa Masasi, nikampenda hapo hapo. Wakatuonyesha chujio. Ni ndoo mbili za plastiki, moja juu ya nyingine, na katikati kikombe cha udongo mweupe kinachopitisha maji tone kwa tone. Alimimina maji ya kisima cha shule, ya rangi ya chai ya maziwa, akafungua koki ya chini, yakatoka meupe. Mimi nilikuwa namwona mwanangu akinywa.

Mtaalamu akasema machujio ni ya nusu ya nyumba zenye watoto wadogo. Itapigwa kura, nusu watapewa sasa, nusu watasubiri, halafu watoto wa pande zote mbili watafuatiliwa, nani anaharisha na nani haharishi. "Tukiwapa wote," alisema, "hatutajua kama kilichowasaidia ni chujio au ni mvua nzuri." Likionekana linafaa, mfadhili atayaleta kwa wote, na vikombe vya kubadilishia vitakuwa vinakuja kila vinapochakaa.

Nataka nieleweke. Sikuwa na ugomvi na kura. Mimi nafundisha hesabu, najua ukitaka kupima kitu lazima uwe na cha kulinganishia. Mzee mmoja alisimama akasema wapewe kwanza wenye watoto wagonjwa, na moyoni mwangu nikaitikia amina. Mtaalamu akamjibu kwa upole kwamba hapo wagonjwa wote watakuwa upande mmoja, na chujio litaonekana bovu hata kama ni zuri. Alikuwa sahihi. Hakuna kinachoudhi kama mtu aliye sahihi wakati mwanao ndiye anayeugua.

Akasimama mwingine, fundi baiskeli, akauliza kwa nini wasitoe kwa kitongoji. Kitongoji hiki chote kipate, kile chote kisubiri, maana sisi tunaishi mlango kwa mlango. Nikasema kwa sauti kwamba hilo ndilo, na wengi wakaunga mkono. Mtaalamu akatabasamu kama mtu aliyeulizwa alichokitegemea. Wamelifikiria, alisema. Njia hiyo ni nzuri, lakini inataka vitongoji vingi sana, magari mengi na watu wengi, na mfuko wa mfadhili haukutosha. Nyumba kwa nyumba ni rahisi zaidi, na hesabu yake inakuja na nguvu zaidi. "Ila," akasema, "kuna sharti moja. Maji ya chujio yasitoke nje ya nyumba iliyopewa. Mkigawana, mtaharibu kipimo."

Watu wote waliitikia kwa kichwa. Bibi aliitikia kwa kichwa. Mimi niliitikia.

Hapa kwetu mgeni akizungumza jambo lake, unamwitikia asiaibike. Ni adabu tu, haina uzito wa kiapo. Na kuhusu maji hakuna hata cha kujadili. Mtu anayepita njiani, humjui, anabisha hodi, anaomba maji, unampa, ukimnyima habari itafika kabla hajafika njia panda. Mtaalamu alituona vichwa vinatikisika akafurahi. Angetuomba tusipumue, tungetikisa vile vile.

Ikaja habari ya namna ya kupiga kura yenyewe. Walikuja na vikaratasi vilivyokunjwa. Wazee wakakataa: asiyesoma atamwamini nani amsomee? Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwenye ghala na maneno mengi, akatoa wazo. Tutumie korosho. Korosho nzima ni chujio, korosho tupu, ile nyepesi isiyo na kitu ndani, ni kusubiri. Zitiwe zote kwenye mtungi, kila mwenye nyumba aingize mkono bila kuchungulia, achomoe moja. Binti wa utafiti alipiga makofi. Mtaalamu akasema hilo ni jambo zuri sana, kura iwe ya kwenu, kwa kitu chenu.

Niliinamisha uso kwenye mtandio. Darasa zima liliinamisha uso. Hakuna mtoto aliyekulia huku ambaye hajakaa chini ya turubai akichambua korosho, daraja la kwanza huku, daraja la pili kule, mpaka vidole vinaota sugu. Iliyoshiba ina tumbo, imelala vizuri kiganjani. Tupu imejikunja na ni nyepesi kama ganda. Gizani, usingizini, mkono unajua. Watu wa Dar es Salaam walikuwa wanatuomba tuchague kwa bahati kitu ambacho tumefundishwa kukichagua tangu hatujaota meno ya pili.

Na sisemi waliokwenda mbele waliiba. Waliambiwa wachomoe korosho, wakachomoa kama wanavyochomoa siku zote. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza, akaingiza mkono, akakaa nao humo kidogo, macho yameelekea darini, akatoka na nzuri. Wa pili akatoka na nzuri. Foleni ilipangwa kwa wenyeji kwanza, wakuja nyuma, nami na mume wangu wa Lupaso tulikuwa wakuja ingawa wanangu wote wamezaliwa pale. Bibi aliniita nisimame naye mbele, nikaona haya. Hata hivyo yeye hakupata, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na ganzi ya siku nyingi. Alichomoa tupu, akaigeuza geuza, akacheka. Nilipofika mimi, nilizungusha mkono mle ndani nikitafuta tumbo moja tu lililoshiba. Nilikuta makunyanzi matupu. Nilichomoa moja nikairushia dirishani.

Binti wa Masasi ndiye aliyeanza kushtuka, kwa sababu huko kwetu Masasi pia wanachambua. Akamnong'oneza mkuu wake. Mkuu akachukua korosho mbili, akazipima mkononi, akafumba macho, uso wake ukabadilika rangi. Kura ikafutwa. Wenye nzuri walipiga kelele, wenye tupu tulipiga kelele zaidi, na mwenyekiti akasema kwa uchungu kwamba sasa mkono wa mtu haukubaliki tena katika nchi hii. Mtaalamu akaomba radhi. Kura itapigwa na kompyuta, ofisini, ambako hakuna anayejua nyumba ni ya nani, na matokeo yatakuja kwenye simu ya binti wa utafiti.

Na hiyo kwa kweli ilikuwa ya haki. Naisema hapa kwa sababu nimesikia watu wakisema tulionewa kwenye kompyuta. Hatukuonewa. Mwenyekiti mwenyewe alikosa. Kompyuta haikumjua mtu, na kwa mara ya kwanza katika kijiji kile kitu kiligawanywa bila kuangalia nani amekaa mbele. Binti alipita mlango kwa mlango na simu yake. Kwa Bibi alisema, "Umepata." Kwangu alisimama, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Ninyi ni wa kusubiri." Nikamwambia marahaba. Nikaingia ndani nikalia mbele ya karai la vyombo, mikono imeroweka kwenye maji machafu.

Jioni ile ile Bibi alibisha hodi. Alikuwa na mjukuu wake, na mkononi kibuyu cha plastiki chenye mfuniko, kimejaa. Akakiweka mezani.

"Ya mtoto," alisema.

Nikamkumbusha sharti.

"Sharti gani?"

"Maji yasitoke nje ya nyumba."

Bibi akanitazama kama nimemwambia jua lisitoke. "Mwalimu, wewe ulinipa chumvi asubuhi. Uliniandikia deni? Wangu anywe meupe, wako anywe tope, na wanalala mkeka mmoja? Kesho nitamtazamaje huyu?" Akamgusa binti yangu shavuni. "Au lile bomba lenu lilikuwa linamuuliza mtu nyumba yake kabla ya kutoa maji?"

Basi. Kikombe kile cha udongo kilitona usiku kucha kwa ajili ya watoto wawili. Msimu ule kisima chetu kilipofika chini, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, binti yangu hakuharisha. Alinenepa mashavu. Nguo za sikukuu zilimbana. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno, alimnyanyua siku moja akasema huyu sasa ana uzito wa mtu. Na haikuwa nyumba yangu tu. Kila mwenye chujio alikuwa na mlango wa pili unaokunywa kwake, na wa tatu. Mama mmoja alikuwa anajaza kibuyu cha mke mwenzake ambaye hakusalimiana naye, anakiacha kizingitini anaondoka bila kuita.

Na hakuna aliyeficha. Hili ndilo linalonichoma mpaka leo. Binti wa utafiti alikuja kila baada ya majuma machache, anaketi kwenye kigoda, anafungua kishikwambi chake na kuuliza. Mtoto ameharisha siku chache zilizopita? Hapana. Mna chujio humu ndani? Hatuna. Maji ya kunywa mnatoa wapi? Nikamwambia mara ya kwanza kabisa, kwa mdomo wangu, "Ya mtoto yanatoka kwa Bibi, ya chujio." Akakuna kichwa. Kwenye kishikwambi palikuwa na majibu ya kuchagua: bomba, kisima, maji ya kununua, mto. Hapakuwa na pa kumweka jirani.

"Niandike kisima, Mwalimu?" aliuliza. "Maana na ya Bibi yametoka kisimani."

"Andika unavyoona. Lakini mwambie mkuu wako."

Alimwambia. Najua alimwambia kwa sababu alirudi mwezi uliofuata amenuna. Mkuu alikuwa amesema hayo ni mambo madogo madogo ya uwandani, yapo kila mahali, na maswali hayabadilishwi katikati ya kazi. Tukaendelea hivyo, yeye akiuliza, mimi nikijibu kweli, na kweli yangu ikikosa kitundu cha kupenyea.

Miezi ikapita, mvua mbili zikapita. Tukaitwa tena darasani kupewa matokeo. Walikuja na soda na biskuti, nikajua mara moja. Huku kwetu mwenye habari njema haji na soda.

Mtaalamu alibandika karatasi kubwa ubaoni, juu ya jedwali langu la kuzidisha ambalo sikuwa nimelifuta vizuri. Palikuwa na nguzo mbili zimechorwa, moja ya wenye chujio, moja ya waliosubiri. Zilikuwa zinalingana kimo kama watoto pacha. Akasema watoto wa pande zote mbili wameharisha kidogo tu, pungufu hata ya walivyotarajia. Huenda ni mvua nzuri. Huenda ni mafundisho ya kunawa mikono. Ila kati ya kundi na kundi, hakuna tofauti. Kwa hiyo chujio, kwa mazingira kama yetu, halijaonekana kuwa na faida. Mfadhili ameshukuru sana kwa ushirikiano wetu na atapeleka nguvu zake kwenye mambo mengine. Walio na machujio wabaki nayo. Vikombe vya kubadilishia havitakuja.

Nilisimama. Sikunyoosha mkono, ingawa kila siku nawachapa kwa maneno watoto wasionyoosha mkono kwenye chumba kile kile.

"Mwanangu amekunywa chujio tangu siku ya kwanza," nilisema. "Mmemhesabu upande gani?"

Mtaalamu akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akatazama sakafu.

"Upande wa kusubiri, Mwalimu," akasema mtaalamu. "Mtu anahesabiwa pale kura ilipomweka. Ndiyo kanuni, na kanuni hiyo ni ya haki."

"Basi nani hapa hakunywa chujio? Asimame."

Hakusimama mtu.

Nilimwona mtaalamu akilitazama darasa lote, uso kwa uso, na nadhani alikuwa anaona kwa mara ya kwanza alichokuwa amepima. Alikuwa amelinganisha wanaokunywa maji meupe na wanaokunywa maji meupe. Nilidhani atasema amekosea kupanga. Nilidhani atasema atakwenda kumweleza mfadhili. Alikunja karatasi yake polepole.

"Ndiyo maana tuliwaomba msigawane," alisema. "Tuliwaomba mapema. Mliitikia wote."

Watu wakaanza kunong'onezana, na nikasikia neno nisilolitarajia. Sisi ndio tumeharibu. Fundi baiskeli, yule yule aliyeshauri kitongoji, akasema kwa aibu kwamba kweli tuliambiwa. Mwenyekiti akasema ndivyo tulivyo, hatuwezi kufuata jambo. Nilitamani kuwatia makofi. Walitandikiwa njia ya mkato na mtu aliyejua ni ya mkato, na sasa wanaomba msamaha kwa kujikwaa.

Kisha Bibi akasimama. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Alishika dawati kwa mkono wake wenye ganzi.

"Shikamooni, wazee. Wewe mwanangu, nakuuliza wewe." Alikuwa anamwambia mtaalamu. "Ningemnyima huyu mtoto wa Mwalimu, angeumwa?"

"Huenda angeumwa, mama."

"Angeumwa, mngemwandika?"

"Tungemwandika, na tungemsaidia kufika kituo cha afya."

"Na nguzo yake ingepanda."

"Ndiyo."

"Na mngejua chujio ni zuri."

Mtaalamu akaanza maelezo. Yalikuwa marefu, yenye neno makundi na neno uhakika ndani yake mara nyingi, na alikuwa akiyasema kwa upole ule ule. Bibi akamsubiri amalize.

"Mimi sijasoma. Nijibu kidogo. Mlikuwa mnataka nimnyime?"

Mtu mwema yule, sitamsingizia, hakusema uongo. "Kwa ajili ya kipimo, mama, ndiyo."

Bibi akakaa. Alifungua soda yake, akainusa, akampa mjukuu. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nawaka, nasema hili na lile, nitaandika barua, nitapiga simu redioni. Yeye alikuwa mbele yangu anatembea kwa hatua zake fupi. Hakunitania. Nilimsubiri anitanie mpaka tukafika mlangoni kwake, na aliponiaga alisema tu nimlete mtoto achukue maji.

Barua niliandika. Sikujibiwa, na sina haja ya kuieleza zaidi. Binti wa Masasi aliondoka na gari lao. Alinikumbatia, akanipa namba ya simu ambayo siku hizi haipatikani. Simlaumu. Mkuu wake ninamlaumu, tena sana, na sioni sababu ya kumlaumu kwa upole eti kwa sababu alikuwa mpole. Alizijua zote mbili, njia ya vitongoji na njia ya nyumba. Alichagua iliyokuwa rahisi kwake, akatutwika sisi kazi ya kuifanya iwe ya kweli, na kazi yenyewe ilikuwa kuacha watoto wa majirani waumwe mbele ya macho yetu. Tuliposhindwa kazi hiyo, akaandika kwamba maji safi hayasaidii.

Kikombe cha udongo hakikuishi milele. Bibi alikisugua kwa uangalifu, kwa mswaki laini, kama alivyofundishwa, lakini kiangazi kilichofuata maji ya kisima yalikuwa mazito na kikaanza kuziba. Mwisho kikapasuka ufa mwembamba kutoka mdomoni hadi kitakoni. Maji yakawa yanapita haraka, na yanatoka kama yalivyoingia. Nilikwenda Masasi kutafuta kingine, duka kwa duka, sokoni mpaka stendi. Wauza vyombo walinionyesha machujio ya chai. Mmoja aliniambia zamani kidogo kulikuwa na watu wa mradi walioleta vitu hivyo, ila alisikia havifai.

Tukarudi kuchemsha. Kuchemsha nako kunataka kuni, na kuni zinataka mtu wa kuzifuata, na mtoto mwenye kiu hasubiri sufuria ipoe. Nilikuwa nafundisha mchana. Sikuweza kuwepo kila mtoto alipochota kata ya maji.

Kabla mvua hazijaanza, binti yangu akaharisha tena. Asubuhi yake akaharisha mjukuu wa Bibi. Tulikodi bodaboda mbili zikaongozana mpaka Newala, mimi na wangu, Bibi na wake, njia nzima vumbi jekundu likitujaa midomoni. Wodi ilikuwa imejaa. Wakawalaza kitanda kimoja, kichwa huku na kichwa kule, nyayo zao zikigusana katikati, na dripu mbili zikaning'inizwa kwenye stendi moja. Muuguzi akauliza maji ya kunywa tunatoa wapi, nikamwambia kisimani, na safari hii jibu lilikuwa na mahali pake.

Nilisimama pale nikimtazama mwanangu. Mashavu yale yalikuwa yamekwenda. Nilifinya ngozi ya tumbo lake, ikabaki imesimama, na niliogopa kama nilivyoogopa mara ya kwanza. Bibi alikuwa upande wa pili wa kitanda, amemshika mjukuu mguu. Aliwatazama wote wawili muda mrefu, mmoja wa chujio na mmoja wa kusubiri, halafu akainua macho kwenye zile chupa mbili zilizokuwa zinatona sawasawa.

"Mwalimu," alisema, "waite sasa wale watu. Waje wahesabu."

Sikuwa na namba inayopatikana ya kuwaita. Nikamvutia kigoda, akaketi, tukaanza kuwafukuzia watoto nzi.